Tele ina sauti lakini kioo ni cheusi tangu umeme urudi. Nisaidieni kabla sijaiuza (Goma)

MamaWawili_Himbi

Jambo yenu wote. Jumapili jioni huku kwetu Himbi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, halafu ukarudi kwa nguvu hadi balbu ya sebuleni ikang'aa vibaya, kisha ikatulia. Tele ilikuwa kwenye prizi. Ni ya bapa, inchi 32, haijafikisha miaka minne. Nilipoiwasha, taa ndogo ya chini ilibadilika kama kawaida na sauti ikatoka. Watoto walisikia katuni yao vizuri kabisa, lakini kioo kilikuwa cheusi tititi.

Nikaita fundi wa kartiye. Hakuifungua. Aliitazama dakika chache tu, akasema, "Kioo kimekufa, mama, hii ni ya spea," na papo hapo akataka kunipa dola 15 aondoke nayo. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Kituku. Tele hii niliiwekea akiba miezi tisa, franga kwa franga. Naomba mtu anayejua kazi hii aniambie: kioo kinaweza kufa sauti ikabaki?

Fundi_Majengo

Mama, usiuze. Hiyo tele hajaipima mtu bado.

Tele ya bapa ina vitu viwili ambavyo watu wengi huvihesabu kuwa kimoja. Kuna kioo kinachochora picha, na nyuma yake kuna taa zinazoangaza ile picha ili ionekane. Kioo chenyewe hakitoi mwanga. Taa zikizimika, picha inaendelea kuchorwa gizani na wewe huioni.

Pima hivi usiku huu. Zima taa ya sebule na ufunge pazia, nyumba iwe giza. Washa tele, weka chaneli yenye watu wanaosogea. Chukua tochi yenye mwanga mkali, ile ya simu inatosha, uisogeze karibu kabisa na kioo, kiasi cha upana wa vidole viwili, kwa kuilaza upande kidogo. Usiibandike kwenye kioo. Pitisha mwanga taratibu, kona hadi kona, ukitazama ndani ya ule mduara. Kisha niambie umeona nini. Na chunguza jambo moja zaidi: ukiiwasha tu, kioo kinamulika sekunde moja kabla ya kuzima, au ni cheusi tangu mwanzo?

Papa_Keshero

Mimi nasema tofauti. Tele ya miaka minne ukianza kuitengeneza, leo ni taa, kesho ni sahani ya umeme (ile bodi ya ndani inayogawa umeme). Afadhali aongeze pesa anunue nyingine.

Fundi_Majengo

Papa, heshima yako, lakini hakuna anayenunua nyingine kabla ya kujua hii ina nini. Kupima kwa tochi ni bure.

MamaWawili_Himbi

Nimefanya. Mikono ilikuwa inatetemeka! Mwanzoni sikuona kitu. Nilipolaza tochi kama ulivyosema, nikaona mdomo wa mtangazaji unacheza ndani ya mwanga, hafifu, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Nikasogeza, nikaona tai yake, na maandishi yanayopita chini. Mwanangu mkubwa naye ameona. Na ni kweli, ikiwaka inamulika kidogo tu halafu giza.

Fundi_Majengo

Basi kioo chako ni kizima, mama. Zilizokufa ni taa.

Nieleze ili asije mtu mwingine akakudanganya. Ndani kuna fito, kwa inchi 32 mara nyingi mbili au tatu, na kila ufito una taa ndogo ndogo zilizofungwa kwa mfuatano. Ni kama watu wanaopokezana ndoo kutoka ziwani: mmoja akitoka kwenye mstari, maji hayafiki juu. Taa moja ikipasuka, mstari mzima unazimika. Kule kumulika sekunde moja ni saketi ya ulinzi: inajaribu, inaona njia imekatika, inafunga.

Usikubali abadilishe taa moja iliyoungua peke yake. Zilizobaki zina umri uleule na joto lilelile, baada ya muda mfupi utarudi kwake. Badilisha fito zote, na mwambie zifanane na za zamani kwa urefu, idadi ya taa na volti. Kuna za volti 3 kila taa na kuna za volti 6, na akichanganya hazitawaka sawasawa.

Na fundi uchague kwa mikono yake. Kufikia fito lazima aondoe kioo chote, na kioo hicho ni chembamba sana, kikipinda kidogo kinapasuka, hapo ndipo tele inakufa kweli. Mwombe kwanza apime fito mbele yako kwa kifaa cha kupimia taa. Akisema hana, nenda kwa mwingine. Wakati wa kuibeba isimame wima, na pikipiki hapana. Barabara zetu za mawe ya volkeno mnazijua. Tafuta gari.

Tafadhali usiifungue nyumbani. Hata ikichomolewa, kapasita kubwa ya sahani ya umeme, kile kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Nimeona mwanafunzi wangu akitupwa hadi ukutani.

Yaya_Ndosho

Fundi, nidandie hapahapa. Yangu inawaka vizuri ila ina mistari ya kusimama, upande wa kulia, rangi rangi.

Fundi_Majengo

Fungua menyu ya tele yenyewe. Mistari ikipita hata juu ya menyu, dekoda yako haina kosa, wala waya wa HDMI. Inaweza kuwa utepe unaounganisha sahani ya picha na kioo: ukisafishwa miguu na kurudishwa vizuri, wakati mwingine inapona. Mabati yanavyoliwa na kutu huku kwetu kwa mvua yenye moshi wa volkeno ya Nyiragongo mnaona wenyewe, na miguu ya utepe ni shaba nyembamba. Lakini kama ni zile tepe zilizogandishwa kiwandani kwenye ukingo wa kioo, sitakupa tumaini la uongo: hapo gharama hukaribia tele mpya.

Mwana_Bukavu

Huku Ndendere mama yangu bado ana tele ya kichogo, ile nene ya zamani. Kona moja imekuwa zambarau.

Fundi_Majengo

Kuna spika ya redio karibu? Ina sumaku. Isogeze mbali, zima tele kabisa, iache ipoe nusu saa, washa. Rudia mara kadhaa. Doa litafifia.

Papa_Keshero

Mama, narudisha neno langu la kununua nyingine. Ila kuhusu umeme: weka regilatere, kile kifaa cha kusawazisha umeme. Mimi ninayo miaka mingi.

Fundi_Majengo

Hapo tuko pamoja, Papa. Niongeze tu kwamba asome karatasi ya nyuma ya tele. Ikiandikwa 100-240V, umeme dhaifu wa jioni inauvumilia. Kinachoua ni ile sekunde ya kurudi, na regilatere nyingine za bei ndogo huchelewa kuishika. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano balbu zitulie, ndipo uchomeke.

MamaWawili_Himbi

Narudi na habari, leo ni siku ya nane. Nilimpata fundi kijana huko Birere, akapima mbele yangu. Ufito mmoja haukuwaka hata kidogo. Akanionyesha taa iliyoungua: katikati ya ile rangi ya manjano kuna nukta nyeusi, ndogo kama chembe ya pilipili manga. Chembe hiyo tu! Fito zote tatu na kazi, dola 35. Alivaa glovu, wakainua kioo watu wawili, na zile karatasi nyeupe za ndani alizipanga mezani kwa mfuatano wake asizichanganye.

Picha imerudi. Watoto walipiga kelele hadi jirani akaja. Swali moja: naona mwanga ni mkali kuliko zamani, niache?

Fundi_Majengo

Asante kwa kurudi, wengi hawarudi. Usiache. Ingia kwenye menyu ya picha, nyingi hapa ziko kwa Kifaransa, tafuta neno "rétroéclairage", yaani mwanga wa zile taa za nyuma. Kama ni 100, shusha hadi 60 au 50. Joto ndilo linalochoma taa hizo, na sebuleni usiku hutaona tofauti kubwa.

MamaWawili_Himbi

Nimeweka 55, inaonekana vizuri. Aksanti sana, fundi, nawe Papa. Umeme umekatika tena sasa hivi ninapoandika, na waya nimeushika mkononi, umeshachomolewa.