TUPEANE UZOEFU: Madaraja ya Ruzizi na vidaraja vya Kawa, yanabebaje na yanafia wapi

Mwalimu wa Nguba

Wana Bukavu, jambo kwenu. Habari za nani alivuka Ruzizi siku gani na kabeba nini, kila nyumba ina zake. Hapa naomba tuzungumzie daraja lenyewe: limekaa juu ya nini, linaanza kuoza wapi, fundi anashika nini kwanza. Nafungua kwa historia kidogo, kisha nawaachia wenye nyundo.

Ruzizi inatoka Ziwa Kivu hapa kwetu, mita kama 1,460 juu ya bahari, na kuingia Tanganyika kwenye mita 770 hivi, baada ya kilomita kama 117. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko kwenye makorongo kabla ya Kamanyola. Mapatano ya 1910 kati ya Wabelgiji na Wajerumani ndiyo yaliyoufanya mto kuwa mpaka. Aprili 1916 brigedi ya kusini ya Wabelgiji, chini ya Olsen, ikauvuka kuelekea Shangugu (ndiyo Cyangugu, ng'ambo ya Rwanda), na baada ya vita ile ng'ambo zote mbili zikawa chini ya Mbelgiji. Watu husahau maana yake kwa daraja. Kwa zaidi ya miaka 40 bwana wa kuamua alikuwa mmoja, upande huu na ule. Ubao ukioza, anaamua yeye. Kongo ikapata uhuru 1960, Rwanda 1962, na tangu hapo kila ubao una wenyewe wawili: hata kubadilisha kumi tu, lazima pande mbili zikubaliane saa ya kufunga bariyeri (kizuizi cha mpakani). Ukiniuliza, lile daraja la zamani la Ruzizi ya Kwanza, la vyuma na sakafu ya mbao, lilichoshwa na kungojeana sawa na lilivyochoshwa na mvua.

Wageni, angalizo moja: Ruzizi ya Pili ya mpaka siyo Ruzizi ya Pili ya umeme. Namba za bariyeri na namba za santrale (vituo vya umeme) haziendi pamoja.

Seremala Kadutu

Aksanti mwalimu. Niingie kwenye sakafu.

Ubao wa daraja hauozi katikati, pale unapopaona. Unaozea chini, pale ulipokalia chuma, kwa sababu maji yanashuka, yanabaki kati ya mti na chuma, na jua halifiki. Kwa hiyo usikague kwa macho. Chukua turnevisi (bisibisi) ndefu, lala kifudifudi pembeni, choma kila madriye (ubao mnene wa sakafu) kwenye ncha na juu ya kila boriti. Mti mzima unakataa, turnevisi inaingia milimita mbili tatu na kukwama. Mti uliooza unaipokea kama muhogo uliochemshwa. Ikizama sentimita mbili, ubao huo utoke leo. Nyundo nayo inasaidia: mzima unalia, mgonjwa unajibu kwa sauti nzito ya gunia.

Kwa hapa mti tulio nao kwa wingi ni mkalitusi. Ni mgumu, ila ukiutumia mbichi utapinda na kupasuka kichwani. Ukaushe kivulini miezi isiyopungua mitatu, umepangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite. Vichwa upake mafuta ya vidanje (oili chafu ya injini) kabla hujaufunga, kwa sababu mti hunywa maji kwa kichwani kuliko ubavuni. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya sentimita 1 mpaka 2. Ukizibananisha ili zipendeze, umetengeneza sahani ya kukusanyia matope.

Juu ya mbao za kukingama, weka njia mbili za magurudumu, mbao za kulala kwa urefu wa daraja. Hizo ndizo zinazoliwa na tairi, na ni rahisi kubadilisha. Pasipo na hizo gurudumu linakula sakafu yenyewe.

Dereva wa Fuso

Kibao kikiandikwa tani 5, wengi wanauliza "gari langu tani ngapi?" Swali ni sawa kwa boriti ndefu, maana zenyewe zinabeba jumla. Ubao haujui jumla. Ubao unajua gurudumu lililo juu yake sasa hivi. Kamio (lori) ya ekseli mbili iliyopakiwa hupeleka kama theluthi mbili ya uzito wote, au zaidi, kwenye ekseli ya nyuma. Kwa hiyo anayepakia nyuma kabisa ili apate nafasi mbele, hata kama jumla haijapita, anavunja mbao.

Ukiwa juu: gari moja kwa wakati, gia ya kwanza, usifunge breki, usibadilishe gia katikati. Breki ya ghafla inasukuma sakafu kwa urefu na kulegeza bulo (bolti) zote mara moja. Na ndiyo maana mizigo ilizoea kushushwa ng'ambo moja ikavushwa kwa vichwa, ikapakiwa tena ng'ambo ya pili. Wabebaji wa pale wamezaliwa na udhaifu wa mbao.

Enjenyeri Muhumba

Dereva kasema vizuri, ila niongeze jambo linaloshangaza watu: mkusanyiko wa watu unaweza kuwa mzito kuliko kamio. Chukua sakafu ya mita 20 kwa 3, hiyo ni mita za mraba 60. Watu wanne kwa kila mita, kilo 65 kila mmoja, unapata zaidi ya tani 15, na hujahesabu magodoro, sufuria na watoto migongoni. Julai 1994 wakimbizi walipomiminika toka Cyangugu, hakuna aliyekuwa akisoma kibao cha tani. Gari unaweza kulirudisha nyuma. Umati hauna gia ya kurudi.

Sasa mto. Ruzizi pale mdomoni, inapotoka ziwani, ni mpole kuliko unavyofikiri, kwa sababu ziwa lote liko nyuma yake linafanya kazi ya tangi. Mvua ikinyesha usiku kucha, ziwa linapanda kidogo kidogo, halishuki kwa kishindo. Linganisha na Mulongwe kule Uvira, Aprili 2020: mto wa mlimani, hauna ziwa la kuutuliza, unashuka na mawe. Maji ya ziwa yamekwisha kuacha mchanga wake chini, yanatoka meupe, na maji yasiyobeba kitu hula kitanda chake popote penye udongo. Kwetu bahati ni mwamba wa volkano pande zote mbili. Nguzo ikikaa juu ya mwamba uliosafishwa, ukachimbiwa na kufungwa vyuma, mto hauna la kufanya. Ikikaa juu ya mawe yaliyojazwa, kila msimu inapoteza kidogo.

Tetemeko nalo lisisahaulike. Lile la tarehe 3 Februari 2008, la 5.9, lilitikisa ng'ambo zote mbili. Baada ya tetemeko watu hutazama nyufa za ukuta. Tazama kwanza pale boriti inapolalia juu ya nguzo: imesogea? Alama ya kutu imeacha mstari mpya? Ncha ya boriti ikibaki na sentimita chache tu za kulalia, funga njia.

Mama Nyawera

Ndugu zangu, Ruzizi mnaipamba, lakini kinachotuua sisi huku katikati ya mji ni mto Kawa. Pale panatakiwa kidaraja cha mita 4, watu wa avenyu wamechanga, fundi anasema buzi (mabomba makubwa ya kupitisha maji) mbili zinatosha. Ni kweli?

Enjenyeri Muhumba

Mama, buzi kwenye Kawa ni koo nyembamba. Mto huo haubebi maji peke yake, unabeba chupa, magunia, matawi. Kitu kimoja kikikingama, cha pili kinakishikilia, kwa dakika chache maji yanapita juu na kula udongo pembeni. Buzi zinabaki nzima na barabara imeondoka. Takataka hizo hizo zinaingia ziwani, zinaelea mpaka mdomo wa Ruzizi, na kuziba vichujio vya santrale ya Ruzizi ya Kwanza, inayofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950 kwa mashine nne za jumla ya megawati kama 28. Umeme ukikatika, wakati mwingine ni chupa ya avenyu yenu.

Jengeni dalo (kalvati la umbo la sanduku), tundu moja pana, pasiwe na nguzo katikati. Beto (zege) ya sakafu: mifuko 7 ya simenti ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo, lita 400 za mchanga, lita 800 za kokoto. Kwa mfuko mmoja ni borweti (toroli) moja ya mchanga na mbili za kokoto, zile za lita 60, na maji lita 25 hivi. Fundi atataka kuongeza maji ili imwagike kirahisi. Mkatalieni. Ferabeto (nondo) kubwa zikae upande wa chini ndani ya sakafu, sentimita 3 mpaka 4 juu ya mbao za kofraji (zinazoshikilia zege mpaka ikauke), kwa sababu chini ndipo sakafu inapovutika. Maji ya kumwagilia siku 7, nguzo za kofraji zisiguswe kabla ya siku 21.

Mchanga upimeni kwa chupa: mchanga nusu, maji, tikisa, acha usiku mmoja. Tope likikaa juu kama utepe mwembamba, sawa. Likiwa unene wa kidole, rudisha hiyo kamio.

Seremala Kadutu

Na wanaongoja pesa ya beto, wakiweka mbao kwa muda, wasipige misumari. Gari linatikisa, mti unakauka na kunywea, msumari unapanda juu na kuchoma tairi. Tumia bulo, kichwa juu kimezamishwa ndani ya ubao, rondele (washa) pana na ekru (nati) chini. Kaza siku ya kwanza, rudi baada ya mwezi, kisha tena kiangazi kikiisha. Ya tatu hiyo ndiyo watu huruka, na ndiyo mwezi ule ekru zinaanza kudondokea majini.