Nitajuaje kama kisu kipya cha jikoni ni kizuri?

Muulizaji: Ndugu zangu, jana nilinunua kisu cha inchi 8 ambacho kilikata karatasi vizuri dukani, lakini leo kimeponda nyanya. Je, nimeuziwa kibovu?

Jibu: Ndugu, makali ya dukani hayatoshi kukihukumu kisu, kwani hata chuma laini kikinolewa hukata siku ya kwanza. Kinoe kwenye kinoo kilicholowa maji, ukikiinamisha kwa nyuzi 15 hadi 20. Kikiwa butu tena baada ya vitunguu viwili, basi chuma chenyewe ndicho kibaya.

Jibu: Tazama na mpini, kama chuma kimepita hadi mwisho. Changu kilikuwa kimeingia kidogo tu, kikachomoka nikipasua boga.

Muulizaji: Nimekinoa, na nyanya inakatika bila kukandamizwa. Chuma kimefika mwisho wa mpini. Ahsanteni.