Tupeane uzoefu: umekata tiketi ya treni, ukamalizia safari kwa basi

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalizoa tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, Mto Mkondoa ulipofurika. Ikafika mahali treni ya Kigoma ikawa inaishia Dodoma. Kipindi hicho nilikuwa namleta mama Dar, tuna madumu manne ya mawese na kiroba cha dagaa. Dodoma tukashushwa, mizigo ikasukumwa kwenye buti la basi, dumu moja likapasuka. Mawese mama aliyasamehe. Kilichomtesa ni miguu: kwenye treni alilala kitandani, kwenye basi amekunjwa kitini hadi Dar, miguu imevimba. Nyie je?

Mama Godegode: Mpe mama pole, mwanangu. Lakini wewe basi ulilipata. Lami ya Dodoma kwenda Morogoro inapita Kibaigwa, Gairo, Dumila. Godegode haigusi, Kidete haigusi. Sisi wa stesheni hizo za katikati, treni ndiyo ilikuwa barabara yetu. Ilipokatika, gunia langu la karanga lilikwenda kwa punda hadi Gulwe, kisha lori hadi Mpwapwa.

Mpogoro Ughaibuni: Mama shikamoo. Niko Ujerumani. Mwaka 2024 reli ya Frankfurt–Mannheim, kilomita 70 hivi, ilifungwa kwa ukarabati kuanzia 15 Julai hadi 14 Desemba. Yaliletwa mabasi 150 ya zambarau, yakawa yanaingia hadi vijiji vyenye stesheni. Nilikuwa nachelewa kazini, lakini bibi jirani yangu alichukuliwa palepale alipozoea kusubiri treni. Nikisoma habari ya Godegode naumia.

Mtoa mada: Shikamoo mama. Miaka yote nasimulia habari ya dumu, sijawahi kuwaza walioko stesheni za katikati. Karanga zilifika?

Mama Godegode: Marahaba. Zilifika, ila punda na lori walikula karibu nusu ya pesa. Jirani yangu mwenye mgonjwa ndiye wa kuhurumiwa. Alimbeba mumewe kwa machela na vijana wanne, wakishinda njiani, maana hospitali walizoea kwenda kwa treni.

Kuli Mstaafu: Mwenye madumu: usikubali yalazwe. Yasimamishe wima, mfuniko ufungwe na nailoni, na usimame hapohapo mpaka buti lifungwe.