Wakuu naomba ushauri: uwanja mzuri wa gofu ya visahani unakuwaje?

Mrushaji_Mpole: Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa eneo nichore uwanja wa gofu ya visahani, ile ya kurusha kisahani mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Kucheza nacheza miaka mingi ila kuchora sijawahi na siku hizi usingizi sipati. Nataka vikapu 18. Je niache miti mingi au pawe peupe?

MzeeWaMinyororo: Changanya mkuu. Anayerusha kwa mkono wa kulia kwa mgongo wa kiganja, kisahani chake mwishoni hukata kushoto, sasa ukichora njia za vikapu vyote zinapinda kushoto umewapendelea watu wa aina moja. Weka cha kushoto, cha kulia, kimoja kilichonyooka katikati ya miti, kimoja peupe upepo uamue. Na pawe na upenyo unaoonekana, mtu akirusha vizuri apite, sio bahati nasibu.

Binti_Kisahani: Mnawaza mabingwa tu! Mimi kikapu changu cha kwanza kilikuwa mita 150, nilirusha mara kumi na moja watu wanasubiri nyuma, sikurudi mwaka mzima. Weka sehemu mbili za kurushia, wanaoanza wapewe mita 60 hivi wafurahi.

Kambale: Uwanja mzuri hauna bwawa. Nimezamisha vitatu, naomba tusiongelee.

Babu_wa_Kumbukumbu: Vijana mjue mlikotoka. Uwanja wa kwanza wa kudumu ni Oak Grove kule California, 1975, aliuchora Ed Headrick, walilenga nguzo tu, kikapu cha minyororo akakibuni baadaye. Alipofariki 2002 majivu yake yakachanganywa kwenye visahani. Huo ndio upendo wa mchezo.

Nauliza_Tu: Eka ngapi? Na nani mwingine anapita hapo?

Mrushaji_Mpole: Eka 5. Watu wanapita kidogo.

Nauliza_Tu: Kidogo ndio nini?

Mrushaji_Mpole: Kuna njia ya miguu, wanafunzi wanakatiza asubuhi na jioni. Cha 4 kinarushwa juu yake. Ila nitaweka kibao, na wachezaji wana akili zao, halafu zege la kurushia tumeshamwaga sehemu sita kwahiyo kubomoa haiwezekani.

Mama_Wawili: Yani hilo ndio ulikuwa unalificha?? Mtoto wa darasa la kwanza anasoma kibao chako akiwa anakimbia? Kisahani cha kurushia mbali kina ukingo mwembamba mgumu, kikimpata usoni utamwambia nini mzazi wake? Mambo ya upenyo na upepo yaje baadaye.

Fundi_Bapa: Jamani hii ni chai. Vikapu 18 kwenye eka 5? Wachoraji hukadiria eka moja kwa kikapu, hapo hata 9 unabana. Na nani anamwaga zege kabla ya kurusha hata siku moja? Uwanja unaujaribu kwanza kwa vikapu vya kuhamisha.

Kambale: Chai ina maziwa kabisa hii.

Binti_Kisahani: Chai au sio chai, lile jibu la mita 60 limenitoka moyoni.

Mrushaji_Mpole: Sio chai wakuu. Kila zege ni mita 1.5 kwa 3, la nne nililimwaga mwenyewe likapasuka kona ya nyuma kwa sababu sikushindilia udongo. Niliharakisha kwa sababu waliotoa eneo walitaka kuona kitu. Tufanye nimepunguza ziwe 9. Lakini la nne nalihitaji, ndio kikapu kizuri kuliko vyote, unarusha kutoka mlimani.

Fundi_Bapa: Sawa, tuchukulie ni kweli. Zege libaki, hamisha kikapu ili mrusho uende sambamba na njia, mbali nayo. Njia iko upande gani ukisimama hapo?

Mrushaji_Mpole: Kushoto.

MzeeWaMinyororo: Aisee. Bomoa.