Mrejesho: PLC sasa inaongea na inveta zote 3

Wakuu habari zenu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mashine) ya mashine ya kusaga unga, imeungwa na inveta 3 (vifaa vya kuendesha mota) kwa Modbasi RTU (lugha ya mawasiliano ya vifaa) juu ya RS-485 (laini ya waya za data), ya kwanza inasoma fresh, ya pili inakatakata, ya tatu haijibu kabisa.

Mkuu uliyeniambia nizime umeme wote nipime kati ya A na B, yaani zile waya mbili za data, Mungu akubariki sana aisee. Multimita ikanipa ohm 40. Inatakiwa iwe kama 60, maana rezista za ohm 120 (zinazuia mawimbi ya data kurudi nyuma) zinakaa mbili tu, moja kila mwisho wa laini, na zimeungwa sambamba, zikiongezeka ohm inashuka, sasa 40 maana yake zipo tatu! Nikafungua kifuniko cha inveta ya katikati nikakuta kaswichi kadogo ka kuunga rezista kako ON, nikakashusha kwa bisibisi, kupima tena 60. Ile ya kukatakata ikatulia hapo hapo.

Ya tatu ilikuwa setingi. Wenzake pariti (njia ya kukagua makosa ya data) ni even, yenyewe none. Nikairekebisha nikawasha, ghafla ile inveta ya kwanza nayo ikaanza kuvurugika, nusu nilie, kumbe hizo mbili, ya kwanza na ya tatu, zina adresi 1 (namba ambayo PLC inaitia inveta) na zinajibu kwa pamoja! Nikaipa ya tatu adresi 3, fujo ikaisha.

Waya wa data nimeuhamisha mbali na kebo za mota. Tangu Jumatatu haijatoa erra hata moja, nimefurahi sana jamani asanteni. Kimebaki kuunga shildi (ganda la chuma la waya wa data) kwenye athi, Jumamosi mashine zikisimama.