Degedege lisiloisha njiani: diazepamu au midazolamu?

Mhudumu_Tukuyu: Wakuu, ambulensi yetu inabeba wagonjwa Tukuyu hadi Mbeya mjini. Ndani, kwa kukata degedege, tuna diazepamu ya sindano tu, na friji hakuna. Mfamasia anataka kujua tuagize midazolamu au lorazepamu. Mtu mzima akipitisha dakika 5 anatetemeka na mshipa haupatikani, diazepamu ya msuli inafaa?

Kanula18: Diazepamu ya msuli achana nayo, inafyonzwa polepole na haitabiriki. Ya msuli ni midazolamu: aliyezidi kilo 40 mpe miligramu 10 mara moja, wa kilo 13 hadi 40 miligramu 5, pajani upande wa nje. Toboa hata juu ya suruali ikibidi. Utafiti wa RAMPART wa Marekani, 2012, uliilinganisha na lorazepamu ya mshipa: waliofika hospitali degedege limekoma bila dawa ya ziada walikuwa 73% kwa 63%. Lorazepamu ikishaingia ilikuwa na kasi zaidi, ila dakika zilipotelea kwenye kutafuta mshipa. Tena inataka friji, kwa hiyo kwenu imeshajitoa.

Mwambie mfamasia aagize ya miligramu 5 kwa mililita. Ipo nyingine ya miligramu 1 kwa mililita. Hiyo dozi kamili ni mililita 10, paja moja halibebi. Watu wanachoma mililita 2 halafu wanalaumu dawa. Dozi pungufu ndiyo inayotuangusha kuliko dawa mbaya.

Zamu_ya_usiku: Wakati mnasubiri mzigo, diazepamu mliyonayo mtoto mpeni kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo. Wa kilo 12 ni miligramu 6, yaani mililita 1.2 za ampuli ya miligramu 10 kwa mililita 2. Bomba toa sindano, paka kilainishi, ingiza sentimita 4 hadi 5, sukuma, kisha bana matako dakika chache, la sivyo dawa yote inaishia kwenye shuka. Usiichanganye kwenye dripu, inaganda.

Likiendelea baada ya dakika 5, rudia mara moja tu. Dozi ya tatu inaongeza hatari ya kuzima pumzi kuliko faida, kwa hiyo ambubegi (mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono) iwe mkononi tangu ya kwanza. Na baridi ya huko juu inadanganya kipimo cha oksijeni cha kidoleni: angalia kifua, hesabu pumzi.

Mkunga_Iringa: Mmesahau sukari, ipimwe wakati mwenzako anavuta dawa. Mtoto akiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mpe dekstrozi 10% (maji ya sukari) ya mshipa, mililita 5 kwa kilo.

Na akiwa na mimba iliyopita wiki 20, au amejifungua karibuni, huenda ni kifafa cha mimba, anzeni na magnesiamu salfeti: gramu 4 za mshipa polepole, pamoja na gramu 5 kila tako. Mshipa ukikataa, hizo 10 za matakoni zinatosha kumfikisha.

Mhudumu_Tukuyu: Asanteni. Midazolamu ya puani je?

Kanula18: Inafaa, miligramu 0.2 kwa kilo, nusu kila tundu. Ikizidi mililita 1 kwa tundu inateremkia kooni. Mwenye makamasi mengi, rudi pajani.