Wauza magari ya mkononi Dar: kuzunguka mtaa mmoja dakika tano si kujaribu gari. Mnaficha nini?

Wakuu habari zenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitajificha. Huu mchezo wa wauza magari ya mkononi hapa Dar umezidi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba wote tunauona, tunanyamaza, tunalipa.

Mchezo wenyewe mnaujua. Unapiga simu, unasema nataka kuja kuliona gari na kuliendesha. "Karibu sana kaka, gari iko safi, hata ukitaka njoo na fundi wako." Ukifika unakuta limeshaoshwa, limeshawashwa, linaunguruma taratibu getini. Unapewa usukani, kijana wa yadi anaruka kiti cha pembeni, mnatoka, mnakata kushoto, kushoto tena, kushoto tena, mmerudi. Hata spidi 40 hujafika. Ukisema nataka nilipandishe Kimara nirudi nalo, ghafla mafuta hamna. Haya, mafuta naweka mimi. Basi bima imeisha. Kama bima imeisha, sasa hivi mmelitoaje barabarani? Hapo anapigiwa simu bosi, na bosi anasema kuna mtu yuko njiani kutoka Morogoro na hela taslimu, kama uko siriazi weka advansi kwanza ndiyo uliendeshe unavyotaka.

Yaani nitoe hela kwanza ndiyo niruhusiwe kujua hiyo hela nainunulia nini! Hakuna mwenye duka la nguo anayethubutu kumwambia mteja hivyo, ila kwa gari la milioni tisa na nusu tumelizoea.

Na gari lenyewe ni la 2003. Limetembea Japani, limekuja hapa likatembezwa tena na watu hatuwajui. Wengi wetu tunaangukia kwenye magari haya kwa sababu kuagiza kumekuwa mlima: gari la zaidi ya miaka 10 linaongezewa ushuru wa bidhaa asilimia 30 kwa sababu ya umri wake tu, bado kodi nyingine hujazigusa. Wenzetu Kenya wamezuia kabisa kuingiza gari la zaidi ya miaka 8. Sisi mlango uko wazi, ila ukipiga hesabu, mtu wa mshahara wa kawaida anaishia kutafuta lililokwishasajiliwa hapa, lenye namba ya usajili ya zamani ya herufi C au D, yadi au kwa dalali. Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Wanajua hatuna pa kwenda.

Sasa nieleze kwa nini hizo dakika tano naziita wizi, maana kuna watu watasema mbona mimi nililiendesha kidogo tu na liko poa mpaka leo.

Gari lililochoka lina magonjwa ya namna mbili. Yapo yanayoonekana injini ikiwa ya baridi kabisa, imelala usiku kucha. Sili za valvu zikiisha, oili inachuruzika kidogo kidogo hadi kwenye silinda, na asubuhi ukiwasha unaona moshi wa bluu unatoka nyuma kwa muda mfupi, halafu unakata. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Toyota IST nyingi inazungusha valvu kwa cheni, siyo mkanda. Cheni ikilegea utaisikia inakwaruza zile sekunde za mwanzo kabla presha ya oili haijapanda, kisha kimya. Ukikuta gari limeshawashwa kabla hujafika, hayo yote yamekupita na hutayaona tena siku hiyo.

Halafu yapo magonjwa yanayojificha gari likiwa la baridi. Giaboksi ya otomatiki iliyochoka ndani, oili yake ikiwa bado nzito, inabadilisha gia vizuri tu. Ikipata moto, oili inakuwa nyepesi, presha inavujia kwenye sili zilizoisha, ndipo unaona gia inachelewa kuingia, injini inapiga kelele na gari haliendi, au ukiweka D linakupiga teke. Hilo hulijui bila nusu saa ya kuendesha, ukapanda mlima, ukakaa kwenye foleni na AC imewashwa. Na ni kwenye foleni hiyo hiyo ambapo rejeta iliyoziba na feni mbovu vinajulikana. Beringi ya tairi inayovuma hutaisikia mpaka ufike spidi 60 au 80. Draivshafti (ile fimbo inayozungusha tairi) iliyokwisha inagonga ukikata kona usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho, na kona tatu za mtaani hazitoshi kukuonyesha.

Kwa hiyo angalieni ratiba yao. Kuliwasha mapema kunaficha kundi la kwanza, kukukatalia safari ndefu kunaficha kundi la pili. Aliyepanga hivyo anayajua magari kuliko mimi na wewe, na anajua hasa anachokuficha.

Nitoe mfano wa IST niliyoiendea majuzi, yadi siitaji. Nilipofika nikaweka mkono juu ya boneti: linaunguza. Kijana akaniambia walikuwa "wanalipasha kidogo". Nikaingia, nikalizima, nikazungusha ufunguo hadi ON bila kuliwasha. Hapo taa za dashibodi zinatakiwa ziwake, ya oili, ya betri, ya injini, ya eabegi, kisha zizime injini ikishawaka. (Kama taa ya injini haiwaki kabisa ukiwa ON, shukeni muondoke, balbu imetolewa au imezibwa.) Ziliwaka zote, zikazima zote, nikaanza kupata moyo. Ndipo nikaangalia saa ya redio. Inasoma 1:12, na ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Redio ile ikikatiwa umeme inaanza upya 1:00. Maana yake dakika chache kabla sijakaa pale, betri ilichomolewa.

Mafundi mnajua kwa nini. Betri ikichomolewa, kumbukumbu ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari inafutika na taa ya injini inazima. Haitarudi mpaka gari litembee vya kutosha kompyuta ijipime upya. Na kutembea huko ndiko nilikokatazwa! Nilipomuuliza kijana kuhusu saa, akasema redio ina tatizo. Nikamuuliza redio ina tatizo gani, akaniambia nimsubiri bosi.

Hatujafika kwenye kilomita bado. Dashibodi inasema 97,000 na kidogo. Nikafungua mlango wa dereva hadi mwisho, nikainama kwenye ile nguzo ambayo mlango unafungia. Kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili, nusu imekwanguliwa, lakini tarakimu zinasomeka: mwaka 24, na chini yake 143,200. Wajapani wana kalenda yao, na mwaka 24 wa Heisei kwao ni 2012. Yaani mwaka 2012, likiwa bado Japani, lilishapita laki moja na arobaini, na leo hii baada ya miaka yote hiyo ya barabara zetu liko 97,000. Mpira wa pedali ya breki umelika kona yote ya kulia hadi chuma kinaonekana. Bosi akaja, nikamwonyesha, akasema stika hiyo ni ya gari nyingine. Stika imebandikwa kwenye bodi ya gari hili hili!

Kurudisha kilomita za kwenye dashibodi ya kidijitali si kazi. Wanaitoa, wanaandika upya namba kwenye chipu, wanarudisha. Ndiyo maana nasisitiza: ombeni kile cheti cha Japani cha kuuza gari nje kama mwenye gari bado anacho, kwa sababu kinaandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Muuzaji mkweli hachukii ukimwomba karatasi.

Na jamani, mimi kilomita nyingi siziogopi. Naweza kununua la 240,000 ambalo mwenyewe ananiambia wazi, ana risiti za oili, ananionyesha alibadilisha shokapu lini na giaboksi alimwaga oili lini. Gari la namna hiyo najua nipange bajeti ya nini. La 97,000 ya uongo sijui nipange nini, kwa sababu kila kitu nilichoambiwa kinaanzia kwenye namba ya uongo. Sasa mwenye gari mkweli analazimika naye kudanganya, kwa sababu akiandika 240,000 kwenye tangazo hakuna anayepiga simu. Hapa na sisi wanunuzi tunahusika.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui na ndilo linalonitia hasira kuliko yote. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi anaponunua kwa mfanyabiashara: bidhaa inatakiwa iwe ya ubora unaouzika. Lakini inasema pia kwamba kama mnunuzi ameikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuionyesha. Sasa fikirieni. Wanakupa dakika tano ambazo hazionyeshi chochote, kisha giaboksi ikifa wiki ya pili wanakwambia "si uliendesha mwenyewe ukaridhika?" Na kwenye karatasi ya mauziano wameshakuandikisha kwamba umelikagua na kuliridhia jinsi lilivyo. Ile raundi ya mtaani wanakupa kwa faida yao wenyewe.

Najua mtakuja hapa mseme kuna wezi wanaondoka na magari kwenye testi. Ni kweli, wapo, na sibishi. Chukueni nakala ya kitambulisho changu cha NIDA na leseni, kijana akae pembeni yangu muda wote, mafuta niweke mimi. Bima ya gari inaangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari tu, faini za barabarani hivyo hivyo zinaangaliwa mtandaoni, kwa hiyo msinidanganye kwamba hamjui kama ina bima au haina. Gari lisilo na bima halitakiwi kuwa barabarani, na yadi yenye magari mengi haishindwi kukatia bima lile linalotoka kwenda kujaribiwa.

Madalali nao. Dalali hajui hata giaboksi iko upande gani ila anakuapia kwa Mungu gari halina shida. Ukija na fundi, anamvuta pembeni, na fundi wako anarudi sura imebadilika, kila ukiuliza anasema "dogo dogo tu hizo, utarekebisha." Mafundi wa humu, mnaofanya hivyo mnajijua. Mtu amekulipa umsaidie macho, unayauza macho yake kwa elfu hamsini. Shemeji yangu alipelekewa Premio kwa ushauri wa fundi wa namna hiyo. Silindahedi ilikuwa imeshapinda, oili chini ya kifuniko ina rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameshachanganyika nayo. Kifuniko cha oili, wakuu! Kinafunguliwa kwa mkono, bila spana. Fundi hakukifungua kwa sababu alishalipwa asikifungue.

Ninachotaka si kikubwa. Gari lisiguswe mpaka mnunuzi afike. Aliwashe mwenyewe likiwa la baridi, mtu akiwa amesimama nyuma anaangalia moshi. Kisha saa moja nalo: barabara kubwa, mlima, barabara ya vumbi yenye mashimo kama za Goba ndani ili miguu ya gari iseme, na foleni na AC. Mwisho lipite kwenye mashine ya kusoma hitilafu kwa fundi aliyechaguliwa na mnunuzi. Akikataa mojawapo, tuondoke, na tuondoke wote, siyo mimi naondoka halafu nyuma yangu mwingine anaweka advansi.

Naomba wenye uzoefu waseme ni mitaa gani wanaruhusu haya bila vita, na hata wenye magari binafsi wanaouza bila dalali. Na mwenye yadi anayesoma uzi huu akiwa anaona namwonea, aandike hapa chini kwamba kwake gari linakutwa la baridi na linatoka saa nzima. Hela ninayo. Anitajie tu gari gani, nije saa moja asubuhi kabla hamjaliwasha.